Babu, Kuanzia Kiunoni Kwenda Chini

Iringa, 6 Mei 2024

Kwa mume wangu, Mzee Abdulkarimu,

Shikamoo. Mimi mkeo mdogo ni mzima, isipokuwa baridi ya huku inanitafuta ubaya. Msalimie mke mwenzangu, Bibi Mwaisha. Mwambie ming'oko yake imekwisha. Wenzangu wa bwenini walisema wao hawali mizizi ya porini, nikageuka kidogo kutafuta chumvi, nikakuta sufuria jeupe. Msalimie pia Mjomba Asadi, na mama yangu akija Mahurunga mwambie nasali na nakula.

Naandika barua kwa sababu unayoijua. Simu ya bibi ikiita anaiweka spika, na kwa vile masikio yake hayamsaidii sana, mnanisikia nyie, ananisikia na jirani yenu Mzee Shabani. Mwezi uliopita nilimwambia bibi tumbo linanisokota, kesho yake nikapigiwa na watu wa kijiji cha Kitaya wananipa pole. Kwa hiyo barua hii nimempa Salumu, kondakta wa basi, na wewe utamwachia yeye majibu.

Jambo lenyewe ni hili. Huu ni mwaka wangu wa mwisho chuoni na tumepewa kazi ya kumalizia. Inaitwa "Mwili wa Binadamu: Nguvu na Udhaifu". Kila mmoja amchague mtu anayemjua, amfinyange kwa udongo, mzima, kuanzia utosini hadi unyayoni. Anayelitazama sanamu aone nguvu za mtu huyo na aone udhaifu wake. Onyesho ni Desemba, na asiyekuwa na sanamu hamalizi chuo.

Nimekuchagua wewe. Nguvu zako hazihitaji maelezo. Umekuwa refa wa Mahurunga tangu mama hajazaliwa, na mpaka leo wanasimulia ulivyomtoa mwenyekiti wa kijiji kwa kadi nyekundu wakati hakuwa mchezaji, alikuwa amekaa zake anakula miwa. Udhaifu wako bado sijaujua. Naomba Mjomba Asadi akupige picha moja tu, umesimama, mwili mzima.

Mkeo akupendaye,
Warda


Mahurunga, 30 Mei 2024

Mke wangu mdogo usiyejua kusonga ugali wa muhogo,

Marahaba. Sisi wazima. Viboko walipanda kutoka mto Ruvuma wakala mpunga wa Shabani, wetu wakauruka. Shabani anatangaza kwamba niliwaelekeza mimi kwa filimbi. Kama viboko wanatii filimbi yangu, wamewazidi vijana wa timu yetu. Asadi anajiandaa kupulizia mikorosho. Bibi yako anasema atakuletea ming'oko mingine, na safari hii ukienda kutafuta chumvi uende na sufuria.

Umechagua vizuri. Ungemchagua mwingine ningeshangaa. Picha hiyo hapo, Asadi ameisafisha Mtwara mjini kwa fedha yake. Nimevaa koti la refa na kofia ya Idi. Kwamba nimesimama nyuma ya magunia ya korosho ni bahati tu, ndipo palipokuwa na mwanga.

Sasa na mimi nina swali. Hao watu mnaowachora huko chuoni wanakuwa wamevaa nini? Nijibu kabla mama yako Farida hajaniuliza mimi.

Mumeo,
Abdulkarimu


Iringa, 17 Juni 2024

Mume wangu,

Shikamoo na Idi njema. Idi ya huku nimekula pilau kwa jirani wa Kihehe aliyeipika kwa mapenzi makubwa na bila bizari. Nilimshukuru kwa dhati. Nawaza mmechinja nini huko.

Picha nimeipata na nimeibandika juu ya meza yangu. Uso umekaa. Kifua kimekaa. Lakini mume wangu, picha inaishia kiunoni. Kuanzia hapo kwenda chini nina magunia matatu na mbwa wa Shabani. Mwalimu wetu, Mwalimu Josephu, aliitazama akaniuliza kama babu ana miguu. Nikasema anayo, amekimbizana na wachezaji miaka mingi. Akasema basi nikailete.

Tafadhali, picha nyingine. Simama uwanjani, mahali peupe, pasipo na gunia.

Kuhusu mavazi, huku kila mtu anavaa sweta.

Warda wako


Mahurunga, 11 Julai 2024

Mke wangu,

Marahaba. Mvua hakuna, mikorosho imeanza kutoa maua, na kijiji kizima kinanuka salfa. Bibi yako anapiga chafya akisali, akitoa salamu anaitoa kulia, kushoto, na chafya mbele. Bibi mwenyewe anasema nakuandikia uongo. Usimsikilize.

Idi tulinunua beberu, lakini alikuwa na tabia nzuri mno tukashindwa kumchinja, tukachinja jogoo. Hiyo hapo picha uliyotaka. Nimesimama uwanjani, peupe kabisa. Kwamba nimembeba beberu mbele yangu ni kwa sababu alikataa kuachwa peke yake.

Uliuliza kwenye simu, mbele ya kijiji, kwa nini siendi msikitini Ijumaa. Imamu mpya anaharakisha, mtu hajainama yeye amekwishainuka. Nasalia nyumbani kwenye kiti, na Mungu ni yuleyule. Uwanjani pia siendi. Napigia filimbi barazani, wachezaji wanaisikia. Wakiamua kutoisikia, hilo ni lao na Mola wao.

Sweta nimeelewa. Nimeuliza chini ya sweta.

Mumeo


Iringa, 2 Agosti 2024

Mume wangu mpenzi,

Shikamoo. Beberu amefika salama na anapendwa na bweni zima. Mwalimu Josephu alisema katika picha hii nguvu ziko kwa babu na udhaifu wote uko kwa beberu. Sanamu langu nimelifinyanga hadi kiunoni. Mwalimu alilizunguka akasema: "Hili ni la kuwekwa mlangoni benki. Linatisha, halina mtu ndani." Nilitoka nje nikajifanya nanawa mikono.

Basi leo najibu lako, halafu na wewe ujibu langu.

Anayechorwa ni mmoja wetu, kwa zamu. Wa kwanza alikuwa Elisha, kijana mrefu kutoka Njombe. Alivaa bukta na soksi. Kwa baridi ya Julai alitetemeka mpaka meza ikatetemeka, na ukiona michoro yetu ya siku ile utadhani tulikuwa kwenye lori. Zamu yangu ilipofika nilisema sivui hata mtandio. Mwalimu hakunilazimisha. Akasema, "Toa kiungo kimoja unachoona hakina neno." Nikavua kiatu nikatoa mguu wa kulia. Nikajua nimewaweza.

Babu, wakautazama asubuhi nzima. Kuna ufa kisiginoni ambao nilikuwa nausahau. Kuna kidole cha mwisho kimejikunja tangu niangukiwe na mchi. Watu wote wanakodolea macho kidole changu, wanapima, wanafuta, wanarudia. Nilikuwa nimefunikwa toka kichwani hadi kifundoni na bado nilijiona niko uchi sokoni. Nilitaka kulia kwa ajili ya unyayo. Nimekwambia wewe tu.

Sasa zamu yako. Unakaa nyuma ya magunia. Unabeba beberu. Huendi uwanjani, huendi msikitini, unasalia kitini. Idi ya mwaka jana nilipokuja ulikuwa umekaa, na nilipoondoka ulikuwa umekaa palepale. Mama hawezi kukuuliza, ni mtoto wako. Mjomba Asadi akifungua mdomo utampulizia filimbi. Bibi anakustahi. Nimebaki mimi, na mjukuu ameumbiwa utani, na kwenye utani hakuna pazia. Mume wangu, una busha?

Kama ni hilo, si la kuficha. Pwani yetu yote inalo, linaletwa na mbu. Naogopa ukiliacha litakufungia ndani kabisa, na mimi bado nakutaka nje. Kuna madaktari wanakuja hospitalini Mtwara mwezi wa kumi kulitoa bure. Nenda, tafadhali.

Mkeo,
Warda


Mahurunga, 25 Agosti 2024

Warda,

Pole na mguu.

Swali lako nimelisoma nikiwa chooni, maana ndiko pekee bibi yako hanifuati. Neno ulilolitaja siwezi kuliandika kwa mkono wangu. Nimechora. Karatasi imekunjwa humo ndani. Itazame peke yako halafu uichome.

Je, nyie mnaosoma mwili, hakuna dawa ya kupaka? Mimi na kisu tuliagana jandoni na sikuahidi kwamba tutaonana tena.

A.


Iringa, 14 Septemba 2024

Mume wangu,

Shikamoo, na kabla hujafika chini, kaa. Najua umekaa. Kaa vizuri.

Barua yako ililetwa na Salumu mwenyewe mpaka mlangoni mwa darasa, akapiga kelele, "Barua ya Warda kutoka kwa mumewe!" Nilipoivuta ile ya maneno, karatasi ya pili ikadondoka ikafunguka yenyewe sakafuni, miguuni pa Mwalimu Josephu.

Akaiokota. Akaitazama sana. Ulijichora kwa mkaa, kofia ya Idi, filimbi shingoni, miguu miwili kama njiti, na katikati boga. Na mshale, na neno HILI. Mwalimu akauliza, "Nani amechora hii?" Na mimi kwa kuchanganyikiwa, kwa mazoea ya ulimi, nikasema, "Mume wangu."

Elisha alianguka kutoka kitini kwa kicheko. Mwingine akaniambia pole dada.

Lakini sikiliza. Mwalimu hakucheka. Aliwaita wote wasogee, akawaonyesha mkono. Kila kitu kwenye mchoro umekichora haraka, ila mkono unaoshika msuli uliojifunga kiunoni, kwa mbele, umeuchora kwa utaratibu, vidole vyote, mpaka kucha. Akasema: "Mtu huyu amebeba kitu kizito na amekibeba kwa adabu. Miezi minne nawaeleza nguvu na udhaifu, hamkunielewa. Yeye ameweka vyote kwenye kiganja kimoja." Kisha akanirudishia karatasi imekunjwa. Sikuichoma, siwezi.

Dawa ya kupaka hakuna, nimemuuliza nesi wa chuo. Kisu ndiyo dawa yenyewe.

Naomba ruhusa nikufinyange hivyo. Umesimama, msuli, mkono mbele. Jina lako sitaliandika popote. Na naomba uende Mtwara. Ukinipa moja tu kati ya hayo mawili, nipe la pili.

Warda


Mahurunga, 28 Septemba 2024

Umenitangaza Iringa. Kama ni hivyo ungeniweka spika tu, Kitaya wangejua na wao. Usifinyange kitu.

Abdulkarimu


Iringa, 9 Oktoba 2024

Babu,

Shikamoo. Nimekuudhi na una haki. Sanamu la kiunoni nimelivunja, udongo nimeurudisha kwenye ndoo. Mwalimu amenipa hadi mwisho wa Novemba kufinyanga upya. Nitamfinyanga Elisha na soksi zake.

Picha ya beberu bado ipo ukutani. Sina wa kumtania huku, na nimegundua bila utani siku ni ndefu sana. Nisamehe.

Mjukuu wako,
Warda


Mahurunga, 10 Novemba 2024

Mke wangu Warda,

Marahaba, na marahaba ya ile shikamoo uliyoniandikia kwa unyonge, sikuipokea vizuri. Korosho zinaendelea kuokotwa na mimi naziokota pia. Nimeandika naziokota. Nainama.

Nilinyamaza kwa hasira wiki mbili, halafu barua yako ya kuvunja sanamu ikafika. Nikaitafakari. Nilipokuwa refa, mchezaji akiumia akakataa kutolewa nilikuwa namwambia, toka, unaharibu mchezo wa wenzako. Nikaona hapa anayechechemea uwanjani ni mimi. Nikamwambia bibi yako nakwenda Mtwara bandarini, kuangalia korosho zinavyopakiwa melini, na huenda nikalala kwa siku kadhaa kwa kuwa meli ni kubwa. Akasema sawa, akanikunjia msuli mwingine kwenye mkoba. Wala hakuuliza meli ina haja gani na msuli.

Nilipoingia wodini, kitanda cha kwanza nani? Shabani! Amejifunika shuka mpaka macho. Tukatazamana. Nikamuuliza, "Mwenzangu, nyumbani umewaaga unakwenda wapi?" Akasema, "Bandarini." Mzee wa Msimbati kitanda cha tatu akasema na yeye yuko bandarini. Wa Naliendele vilevile. Wodi nzima ilikuwa imekwenda bandarini. Kama kila mwanamume aliyeaga hivyo angekwenda kweli, zile korosho zingepakiwa asubuhi moja.

Kisu chenyewe sitakueleza. Sisi tuliopita jandoni hatusimulii ya jandoni kwa wanawake. Ninachoruhusiwa kusema ni kwamba mchana wake yule wa Msimbati alianza wimbo wa jando kwa sauti ndogo, Shabani akaitikia, nikaitikia, na wodi ikajibu, wazee wazima wamefungwa khanga za maua. Nesi akaja akasema, "Wazee, kuna wagonjwa humu." Tukamuuliza ni nani.

Kesho yake mlango ukafunguka. Bibi yako, na chupa ya uji. Nyuma yake mke wa Shabani, nyuma yake wake wengine, wamepanda gari moja kutoka Mahurunga. Bibi yako akakaa kitandani akanimiminia uji, akasema, "Nnasikia bandari ya Ntwara siku hizi ina vitanda." Shabani akarudisha shuka usoni.

Nimepona, Warda. Ijumaa iliyopita nilikwenda msikitini kwa miguu yangu. Imamu haharakishi, nilimsingizia. Nilisimama safu ya kwanza na nilipopeleka paji la uso kwenye mkeka nililia, na jirani yangu akadhani ni dua. Miaka mitatu nilikuwa nasalia kwenye kiti, namwambia Mungu nitakuja, nitakuja.

Sanamu, finyanga. Shehe hapendi masanamu, kwa hiyo lisifanane sana usoni. Lakini huko chini, kwa vile mimi sinalo tena na hakuna wa kupima, usinipunje. Nilibeba kitu kikubwa na watu wajue kilikuwa kikubwa.

Sasa jambo la mwisho, na hili ni zito. Tuliporudi nyumbani nilimuuliza bibi yako alijua tangu lini. Akasema tangu mwanzo. Ndiyo maana alinishonea misuli mipana, na alikata miguu ya kitanda kishuke, na mimi nilidhani ni mchwa. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Nilikuwa nangoja uniambie." Nikamjibu, kwa ujinga wangu, kwamba nilikwishamwambia Warda.

Alikuwa anachambua kisamvu. Akachambua, akachambua, mpaka kikaisha, akaanza kuchambua mabua. Mke wangu, nimesimama mbele ya wachezaji wenye hasira na mashabiki wenye mawe, sijapata kuogopa kama nilivyoogopa ukimya ule. Mwalimu wako akitaka udhaifu wangu, haukuwa kwenye boga. Ulikuwa hapo jikoni. Nilikaa chini kwenye kigoda nikamwambia yote kwa mdomo wangu, na lile neno nililitaja, na jinsi lilivyokuwa linaniuma nikiamka, na nilivyokuwa naogopa kwamba ataniona si mwanamume. Akanicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akanifuta machozi kwa ncha ya khanga, yangu na yake.

Kwa hiyo nimeamua. Mbele ya shahidi Asadi, ambaye anacheka badala ya kushuhudia, nakuacha. Talaka hii si ya kurejeana, na ukimwuliza shehe atakwambia ndoa yenyewe haikuwepo. Huna kosa lolote, ulikuwa mke mwema usiyejua kupika. Ila kuanzia leo, kitu chochote kitakachoniuma, wa kwanza kuambiwa ni Mwaisha. Wewe utaambiwa wa pili.

Babu yako tu,
Abdulkarimu